Kisigino cha Bwana Haldane

Aliingia na kiatu mkononi,
mguu mmoja umevishwa mfuko wa plastiki,
na mvua ya Paisley, ile isiyonyesha, inayokaa tu hewani,
ikaingia naye hadi kaunta.

Hakusalimu.
Akaweka kiatu, na kisigino kando yake,
kama mtu anayeweka jino lililong'oka.

Mimi nilikuwa na jibu tayari.
Lilikuwa ukutani nyuma yangu, limepigwa chapa, lina fremu:
Dhamana ni siku thelathini.
Risiti nilishaiangalia: siku ya thelathini na mbili.
Mdomo ulishafunguka.

Isobel Rennie, mwenye duka, akatoka nyuma,
mikono imejaa rangi ya viatu,
akaivua ile fremu msumarini, akailaza kifudifudi,
akavuta kiti.
"Kilitoka ukiwa wapi?"

Hilo tu. Si lini. Si ulikanyaga nini.
Ukiwa wapi.

Basi akasema.
Glasgow, ghorofa ya nne, watu watano nyuma ya meza,
kazi aliyoisubiri tangu kiwanda kifungwe,
naye anavuka zulia kama kuku aliyefungwa kamba mguuni,
kisigino kimebaki mlangoni,
na mmoja wa wale watano akainuka, akakiokota,
akamkabidhi kwa adabu.
Adabu ile ndiyo iliyommaliza.

Isobel hakumkatiza. Simu ikalia, ikalia, ikachoka.

Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili.
Kwetu ni maneno mawili, na mtoto huyajua kabla ya kuhesabu:
pole unampa hata aliyeumwa na nyuki wa jirani,
pole haina mkosaji.
Samahani hutoka kinywani mwa mtu mwenye jina.
Nikatega sikio nijue lake ni lipi.

"Kosa ni letu," alisema. "Gundi yetu, mikono yetu."
Akanyamaza. Hakutia "lakini."
Nimesikia samahani nyingi zenye mkia,
na mkia ndio unaouma, kama wa nge.
Muungwana akivuliwa nguo huchutama;
sikujua kwamba mtu anaweza kuchutama
akiwa amesimama wima.

Akamrudishia pauni zake kumi na nne.
Kisigino akakipigilia mwenyewe,
Bwana Haldane amekaa, soksi yake inafuka mvuke juu ya hita.
"Kazi siwezi kukurudishia," akamwambia.
Naye akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu ambaye hatimaye ameambiwa ukweli na duka.

Nilidhani yameisha.
Akafungua daftari la wiki ile.
Jozi kumi na moja nyingine, kopo lile lile la gundi,
watu kumi na mmoja ambao hawajalalamika, wanatembea tu.
Akawapigia wote.
Mmoja alikata simu akidhani anauziwa kitu.
Mjane mmoja alisema mumewe amezikwa navyo, hajalalamika;
wakacheka wote wawili, kisha hawakucheka.
Saba wakaleta.

Jina langu hakulitaja kwa yeyote.
Jioni, nusu ya taa zimezimwa, ndipo aliponiuliza
nilisubiri dakika ngapi kabla ya kubandika.
Nikasema tatu. Nilikuwa nawahi basi.
"Kopo linasema kumi na tano."
"Najua."
"Haya."

Fremu haijarudi ukutani. Msumari upo,
tunatundika koti.

Mwezi wa pili akaja tena.
Kazi alipewa mwingine, alisema, bila kuulizwa.
Akaweka kaunta buti za mama yake,
zipu imekufa, soli imeachama.
Dhamana hakuiuliza.

Nimepaka gundi. Nimeweka chini.
Basi la saa kumi na moja na robo linapita dirishani,
taa zake zinalimulika kopo.
Naliangalia likiondoka.
Bado dakika tisa.